Mtoto hasikii

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka tisa hapa Busia, upande wa Uganda, akaketi na kusema: "Mwanangu, huyu mtoto hasikii." Shuleni nao walisema hivyo hivyo: ni mkaidi, akiitwa haitiki, na siku hizi hata darasani haingii. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia hii isitambulike.)

Saikolojia ina mikabala mingi ya kueleza tabia ya binadamu, na wanafunzi huishabikia kama timu za mpira: huyu wa Freud, aliyetafuta chanzo katika utoto, yule wa Skinner, aliyetazama thawabu na adhabu. Mimi naiona kama maswali. Swali unaloanza nalo ndilo linaloamua mtoto atapata dawa, kiboko au mtu wa kumsikiliza.

Naanza na mwili. Nilisimama nyuma yake nikafinyanga karatasi ya peremende karibu na sikio la kulia. Akageuka. Kushoto niliifinyanga mara tatu, hakutikisika. Sikio lile lilikuwa likitoa usaha. Kumbe kweli alikuwa hasikii! Hapa kwetu, penye malaria na kifafa, kuliruka swali la mwili ni kosa kubwa. Kuna kifafa kinachomfanya mtoto aduwae sekunde chache tu, naye huchapwa eti hayuko makini.

Alitibiwa, sikio likakauka. Shule bado akaikataa.

Kengele ya shule yao ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Bibi alisema ikilia tu, mikono ya mtoto inatetemeka. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wakidondokwa na mate kwa ishara tu, kabla chakula hakijafika. Mwaka 1920, huko Marekani, wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner walichapisha jaribio ambalo hadi leo linaniuma: mtoto mchanga asiyemwogopa panya mweupe alifundishwa kumwogopa, kwa kugongewa chuma kwa kishindo kila alipomgusa. Ndilo linalonieleza mambo ya mwembe ule. Mtoto haisikii kengele vizuri, anachelewa, anachapwa, kesho tena. Sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni, lakini fimbo bado zipo.

Nilipomuuliza mwenyewe kwa nini haendi, alijibu akitazama sakafu: "Mimi ni mjinga." Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, tangu miaka ya 1960, alisisitiza kwamba kinachotuumiza mara nyingi ni tafsiri tunayoipa hali yetu. Mtoto huyu hakujua kuwa nusu ya somo ilikuwa haimfikii. Alitafuta sababu, akajiona yeye ndiye sababu. Mwanasaikolojia Carl Rogers angetaka nimsikilize bila kumhukumu, na bila hilo hata neno "mjinga" nisingelipata.

Freud simtumii sana, ila swali lake kuhusu utoto silitupi. Mama wa mtoto yuko Uarabuni, kwenye kazi za ndani, mwaka wa nne sasa. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda, akawa anatembelea nyumba za Waganda na kutazama watoto wachanga na mama zao: mtoto anatambaa kwenda kuchungulia dunia, kisha anarudi kwa mama kama anayerudi nyumbani. Nadharia ya mshikamano, yaani kifungo kati ya mtoto na mlezi wake, inayofundishwa dunia nzima ina mizizi katika vijiji vyetu, na ningependa kila mwalimu wa Uganda alijue hilo. Kwa mtoto huyu, nyumbani ni bibi.

Basi bibi humsindikiza, akaketi chini ya mwembe hadi somo la kwanza liishe. Mwalimu mkuu alikubali mtoto mwenyewe awe ndiye anayegonga ile rimu. Wiki ya kwanza aliigonga akiwa amefumba macho. Sasa anaigonga kwa nguvu hadi wenzake wanaziba masikio.

Mama hupiga simu Ijumaa. Ijumaa asipopiga, Jumatatu mtoto hatoki kitandani. Hilo bado tunahangaika nalo, mimi na bibi.