Mdomo ukifa ganzi: maswali na majibu kuhusu sindano ya meno

Kwenye benchi la kliniki ya meno stori huwa ni ile ile: jino la fulani lilivyong'olewa kavukavu, na sindano ambayo inazidi kurefuka kila inaposimuliwa. Mtu akiitwa ndani, jasho limeshaanza kumtoka. Maswali yaliyo hapa chini huwa naulizwa nikiwa nimeshasimama pembeni ya kiti, na mengine mgonjwa hayasemi, unayaona machoni.

Hii ganzi ni kama nusukaputi?

Hapana. Kwenye nusukaputi unalala, hujui kinachoendelea, na lazima awepo mtaalamu wa usingizi wa kukusimamia. Ganzi ya jino inashika sehemu ndogo tu. Wewe uko macho, unasikia redio ya mapokezi, na unaweza kuinua mkono nikasimama. Ndiyo maana sikukatazi kula kabla ya kuja. Kula kabisa! Anayekuja na njaa ya tangu jana ndiye anayenizimikia kwenye kiti.

Ndani ya sindano kuna dawa gani? Nimesikia ni ya ukoo wa kokeini.

Mara nyingi ni lignokaini, ambayo wengine huiita lidokaini. Dawa ni ile ile. Haina kokeini ndani yake, ila historia ndiyo imefananisha majina. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba tone la kokeini linatia jicho ganzi, na madaktari wa meno hawakuchelewa kuichangamkia. Ubaya wake ukajulikana: inateka watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Einhorn akatengeneza prokaini, iliyouzwa kwa jina la Novocain. Lignokaini yenyewe ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren. Mwenzake, Bengt Lundqvist, alijidunga mwenyewe kuijaribu, jambo ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha. Ikaingia sokoni mwaka 1948.

Inakuja kwenye kichupa chembamba cha mililita 1.8 au 2.2, kutegemea mtengenezaji. Ile ya asilimia 2 ina miligramu 20 za dawa katika kila mililita. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo sana, gramu moja kwa mililita 80,000 au 100,000. Adrenalini inabana mishipa midogo ya damu pale ilipodungwa, hivyo damu haiisombi ganzi upesi, na kidonda hakivuji sana.

Sindano yenyewe inauma?

Sikudanganyi: kidogo, ndiyo. Lakini sana inategemea mkono unaodunga. Kwanza ufizi unakaushwa kwa pamba, unapakwa jeli ya ganzi, na inaachwa dakika moja au mbili. Wengine hupaka na kudunga papo hapo, wanaiharibu jeli bure. Kisha dawa inaingia polepole. Kichupa kimoja nakitoa kwa dakika nzima au zaidi, huku nalitikisa shavu ili akili yako iwe kwenye shavu. Kinachouma zaidi ni dawa kusukumwa kwa haraka ndani ya nyama iliyobana, kuliko ile ncha.

Kuna sehemu moja ambayo huwa natahadharisha kabisa: kaakaa. Nyama ya pale imegandamana na mfupa, dawa haina pa kutanukia. Hapo huwa namwambia mtu, "Hesabu mpaka kumi, mama," na akifika saba imeshaisha.

Inazuiaje maumivu wakati mimi niko macho?

Habari ya maumivu husafiri kwenye neva kwa chembe za sodiamu kuingia kupitia vijilango vilivyo kwenye ukuta wake. Lignokaini inapenya ndani ya neva na kuviziba vijilango hivyo. Jino linaendelea kulalamika, ila malalamiko yanaishia njiani, ubongo haupati taarifa.

Sasa hapa ndipo penye ugomvi mwingi kati ya daktari na mgonjwa. Nyuzi za neva zinazobeba maumivu ni nyembamba na huzimika mapema. Zile zinazobeba hisia ya kugandamizwa ni nene, na mara nyingi zinabaki zinafanya kazi. Kwa hiyo utasikia nasukuma. Utasikia taya linavutwa, pengine na mlio kama ukuni unaovunjika. Hayo ni ya kawaida hata ganzi ikiwa imeshika vizuri. Usichotakiwa kusikia ni ukali, ule wa kuchoma unaokuinua kwenye kiti.

Kabla sijashika koleo nachukua chombo chenye ncha, naugusa ufizi upande uliodungwa, halafu upande usiodungwa, na kuuliza tofauti. Wengi hujibu, "Huku nasikia, huku naona kama unagusa mtu mwingine." Jibu hilo ndilo nalitaka.

Kwa nini jino la juu ganzi ilishika mara moja, la chini nikasubiri na kudungwa tena?

Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu vingi. Dawa inawekwa ufizini karibu na jino, inapenya yenyewe, na baada ya dakika chache kazi inaanza. Taya la chini, hasa kwenye magego, lina mfupa mgumu usiopitisha. Inabidi neva ifuatwe kule inakoingilia kwenye taya, nyuma kabisa ya kinywa, upande wa ndani. Ndiyo maana utaambiwa ufungue mdomo mpaka mwisho, na ndiyo sindano ndefu inayosimuliwa kwenye benchi.

Hapo natoa dawa na kusubiri mdomo wa chini. Mgonjwa akisema "mdomo umekuwa mkubwa" huku anaushika kuhakikisha haujavimba (haujavimba, ni ubongo unaodanganyika), na nusu ya ulimi imekufa, najua nimeifikia. Dakika kumi zikipita na mdomo bado mzima, nimeikosa. Neva haikai mahali pamoja kwa kila mtu, na hata daktari wa miaka mingi hukosa. Kurudia ni jambo la kawaida. Kuanza kung'oa bila kurudia ndiko kosa.

Nilidungwa mara tatu na bado niliumia. Walinipa dawa feki?

Inawezekana dawa ilikuwa mbovu au imepitwa na tarehe, lakini sababu ninayoiona mara nyingi ni nyingine: jino lilikuwa na usaha. Ili lignokaini ifanye kazi, lazima sehemu yake iwe katika umbo linaloweza kupenya ukuta wa mafuta wa neva. Mwilini pakiwa pazima, takriban robo ya dawa huwa katika umbo hilo. Penye usaha pana tindikali, na robo hiyo inashuka sana. Dawa imejaa pale, lakini haiingii. Juu ya hapo, neva iliyowaka kwa siku nyingi inashtuka kwa kitu kidogo.

Watu wetu huvumilia jino wiki mbili kwa mafuta ya karafuu na vidonge vya duka la dawa, halafu wanakuja shavu limejaa, hawajalala siku tatu. Wakati huo ganzi ina kazi ngumu. Daktari anaweza kudunga mbali na jipu, kwenye shina la neva ambako pako safi, au kupasua usaha utoke kwanza. Kama kuna homa au uvimbe unasambaa, anaongeza vidonge vya kuua bakteria. Kama vyote havijasaidia na jino linaweza kungoja, mnapanga siku nyingine.

Kuna watu waling'olewa huku wanalia, wanaambiwa "vumilia, bado kidogo tu." Hiyo si sawa, na huyo mgonjwa hatarudi tena mpaka jino lingine limwangushe. Kubaliana na daktari wako mapema: nikiinua mkono wa kushoto, simama. Ukisikia ukali, inua. Hakuna daktari mwenye akili atakayekasirika.

Baada ya sindano moyo ulinienda mbio, mikono ikatetemeka. Nina aleji?

Uwezekano mkubwa ni adrenalini, ya kwenye kichupa au ya woga wako mwenyewe. Inapita kwa dakika chache. Mwingine anatoka jasho baridi, macho yanaingia giza, anazimia. Huyo analazwa, miguu inainuliwa, anarudi. Kijana mmoja wa bodaboda, kifua kipana, alizimia nikiwa bado nafungua pakiti ya sindano.

Aleji ya kweli ya lignokaini ni nadra sana. Ingekuja na vipele, kuwashwa, uso kuvimba au pumzi kubana. Kama yalikutokea hayo, sema kabla hujakaa, na usikubali jibu la "hakuna kitu" bila kuulizwa vizuri.

Nina presha. Dada yangu ana mimba. Tunaweza kudungwa?

Mwenye presha anadungwa, mradi imedhibitiwa na amemeza dawa zake asubuhi. Ikisoma 180/110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura inasogezwa mbele. Taja kila dawa unayotumia, hasa propranolo (dawa ya presha na moyo) na dawa za kuzuia damu kuganda. Taja na miraa pia kama umetafuna, maana nayo inapandisha presha na mapigo ya moyo. Mwenye kisukari ale na ameze dawa zake kama kawaida.

Lignokaini inatumika kwa wajawazito. Miezi ya nne mpaka ya sita ndiyo mizuri zaidi kwa kazi za kupanga, lakini jipu halingoji mwezi. Maambukizi yaliyoachwa ni hatari kubwa kwa mama kuliko sindano. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Mtoto naye anapewa kipimo kile kile?

Hapana, na ndiyo maana mtoto anapimwa uzito kwanza. Kipimo cha tahadhari kinachotumika sana ni miligramu 4.4 kwa kila kilo. Mtu mzima wa kilo 60 anafika miligramu 264, yaani vichupa saba vya mililita 1.8. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66, hata vichupa viwili havitimii. Dawa ikizidi, au ikiingia yote kwenye mshipa wa damu, dalili za mwanzo ni ganzi kuzunguka midomo, masikio kulia na kizunguzungu, kisha degedege. Kwa sababu hiyo utaona daktari anavuta bomba nyuma kidogo kabla ya kusukuma: anaangalia kama kuna damu.

Kingine kuhusu watoto. Mama mmoja alirudi asubuhi na binti yake, mdomo wa chini umevimba na una utando mweupe, ana hasira kwamba sindano ilikuwa chafu. Tulipouliza, mtoto alikaa kwenye daladala njia nzima anautafuna mdomo wake mwenyewe, anafurahia kwamba hauumi. Mwangalie mtoto mpaka ganzi iishe, na usimpe kitu cha kutafuna.

Inaisha baada ya muda gani, na nifanye nini ikichelewa?

Jino lenyewe huamka baada ya saa moja hivi. Mdomo na ulimi huchukua saa tatu mpaka tano. Kusugua shavu hakuharakishi kitu, na chai ya moto itakuunguza bila wewe kujua. Kama daktari amekupa dawa ya maumivu, imeze kabla ganzi haijaisha.

Mara chache jicho la upande ule halifungi vizuri kwa saa kadhaa, kwa sababu dawa imefika kwenye neva ya uso. Linarudi, funika jicho lisikauke. Na kama wakati sindano inaingia ulisikia shoti kama ya umeme kwenye ulimi au mdomo, mwambie daktari hapo hapo. Mdomo ukiwa bado umekufa kesho yake, rudi kliniki, aandike kwenye faili ni sehemu gani hasa huisikii, ili wiki ijayo mlinganishe.