Kuwinda sungura usiku wa baridi kali: tafuta upepo, si utulivu

Wawindaji wengi wanaoanza huvutiwa na usiku wa aina moja: mwezi mpevu, theluji imetanda, hakuna hata jani linalotikisika. Huo ndio usiku ninaowashauri wabaki nyumbani. Tangu nianze kazi ya kupunguza sungura mashambani, usiku wa namna hiyo ndio umekuwa ukinirudisha mikono mitupu mara nyingi zaidi, na sababu zake zinaeleweka.

Kwanza, sauti. Anga likiwa wazi na upepo umelala, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake. Hewa ikijipanga hivyo, sauti haipandi ikapotea. Hupindishwa kurudi chini na kusafiri mbali. Nyasi zimeganda, theluji imeota gamba juu, na kila unapokanyaga panavunjika. Sungura naye ana masikio anayoweza kuyageuza kila moja upande wake. Pili, mwanga. Macho yake yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa pengo dogo mbele ya pua. Mwezi ukiwaka juu ya theluji, umbo lako linaonekana kabla hujafika hata ukingoni mwa shamba.

Mimi hutoka usiku wenye mawingu na upepo wa kuchangamka. Upepo humeza kishindo cha miguu, na vichaka vinavyoyumba hufanya mwendo wako usishtue. Tembea ukiupokea usoni ili harufu yako ibaki nyuma. Upepo huohuo pia unakuonyesha pa kutafuta: sungura hapendi kupigwa na upepo wa barafu akiwa wazi, hivyo atajibanza upande wa pili wa ua wa miti au nyuma ya tuta, karibu na mashimo yake. Na lazima atoke, kwa sababu sungura halali usingizi wa majira yote ya baridi kama wanyama wengine. Nyasi zikifunikwa, hugeukia magome ya miti michanga.

Kwa hiyo nenda mchana kwanza, uangalie. Gome lililotafunwa usiku uliopita bado ni jeupe na lina unyevu, na alama za meno zinaonekana mbilimbili. La zamani limegeuka kahawia. Kwenye theluji utaona vinyesi vya mviringo na madoa ya mkojo, mengine ya njano, mengine mekundu ya kukoza. Wageni hudhani hiyo ni damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Ni rangi tu inayotokana na mimea anayokula, wala si dalili ya ugonjwa.

Taa yangu ina chujio jekundu. Sungura huona vizuri rangi za bluu na kijani, nyekundu haimsumbui sana, na nimezoea kumwona akiendelea kutafuna chini ya mwanga huo ilhali mweupe ungemfukuza. Pitisha mwanga polepole, usiusimamishe juu yake mpaka uwe tayari. Chunguza pia namna macho yanavyong'aa. Paka, mbweha na kondoo wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yao huwaka kwa nguvu. Sungura hana utando huo. Jicho lake hutoa wekundu hafifu. Ukiona macho yanawaka kijani au njano, bunduki ibaki chini. Na hata yakiwa mekundu, usilenge mpaka uone masikio na mwili mzima. Kutafuta mnyama kwa kutumia darubini ya bunduki ni tabia mbaya kabisa, kwa maana unaelekeza mtutu kwenye kitu usichokijua.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: ardhi iliyoganda hairudishi fadhila za kiangazi. Udongo laini hupokea risasi ukaizika. Ardhi ngumu kama jiwe huidundisha, hasa risasi ndogo ya mwendo wa taratibu inayotua kwa pembe ya kulala, nayo huenda upande usioutarajia, gizani, mbali. Kichaka nyuma ya sungura si kinga. Piga ukiwa juu na yeye akiwa chini, ili risasi iingie kwa pembe kali, na ujue kuna nini ng'ambo yake. Nikikosa hali hiyo, simpigi, hata awe karibu kiasi gani. Barafu ikishika sana, mimi hubadili kabisa na kuchukua bunduki ya upepo, nikasogea mpaka mita 30 au chini ya hapo.

Bunduki ya upepo nayo ichague vizuri. Zile zinazotumia mitungi midogo ya hewa ukaa hazifai: katika nyuzi 20 gesi hiyo husukuma kwa takriban baa 57, lakini kwenye sifuri hubaki kama 35. Risasi inatoka imelegea, inatua chini ya ulipolenga, na sungura anaumia bila kufa. Betri za taa pia huishiwa nguvu baridini. Weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kuhusu mwili wako, ule upepo ninaousifu una gharama. Nyuzi 5 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaonja kama nyuzi 13 chini ya sifuri. Vaa sufu, achana na pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukuibia joto. Vidole vikifa ganzi kiasi cha kutohisi kifyatulio, safari imekwisha.

Ukishampata, bonyeza tumbo la chini mara moja kutoa mkojo, kisha mpasue ukiwa umevaa glovu. Litazame ini. Likiwa na vidoadoa vyeupe, usimle wala usimpe mbwa. Huenda ni tularemia, ugonjwa wa bakteria unaompata binadamu kupitia mchubuko mdogo tu wa ngozi. Watu hujidanganya kwamba baridi kali imeua vijidudu. Bakteria hao hustahimili kugandishwa, na huweza kukaa hai ndani ya nyama iliyoganda kwa miaka. Kinachowaua ni moto: nyama ifike nyuzi 74 hadi ndani kwenye mfupa.