Upweke Katikati ya Kundi: Jinsi Filamu ya Unrelated Ilivyojengwa

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na wanafunzi wangu wanapotakiwa kumwonyesha mhusika mpweke, mara nyingi hukimbilia mtu aliyesimama dirishani, kiti kitupu mezani na kinanda kinachopigwa taratibu. Filamu ninayowapa waitazame kabla hawajagusa mashine haitegemei hata kimoja kati ya hivyo. Ni Unrelated ya Joanna Hogg, mwongozaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1960, ambaye alikuwa amefanya kazi ya televisheni kwa miaka mingi kabla ya kutengeneza filamu hii, yake ndefu ya kwanza. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la London mwaka 2007 na kupata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI. Kwa maoni yangu, hakuna filamu iliyoeleza vizuri zaidi upweke wa mtu wa makamo aliyezungukwa na watu wanaomtendea wema.

Anna, mwanamke aliyevuka miaka 40, amealikwa na rafiki yake wa zamani, Verena, kwenda likizo pamoja na familia yake na ya binamu yake George, katika jumba la mashambani huko Toscana, Italia. Alitarajiwa aje na mwenzi wake, Alex. Anafika peke yake, usiku, akiburuta sanduku, na maelezo anayowapa wenyeji wake ni mafupi kiasi kwamba mtazamaji anahisi mara moja kuwa kuna jambo lililobaki nyuma yake. Katika nyumba ile wamo wazazi, na wamo watoto wao ambao sasa ni vijana. Anna, asiye na mtoto, hana mahali hasa katika mgawanyo huo. Siku zinavyopita anahama polepole kutoka kwa watu wa rika lake na kujiunga na vijana, akivutwa zaidi na Oakley, mtoto wa George, aliyeigizwa na Tom Hiddleston miaka kadhaa kabla ya dunia kumfahamu kama Loki katika filamu za Marvel.

Utaalamu wa filamu hii unaanzia mahali kamera ilipowekwa. Mpiga picha Oliver Curtis anaisimamisha mbali kidogo, haisogei, na kundi zima linaingia katika fremu moja: watu wanakula, wanamiminiana mvinyo, wanakatizana maneno. Katika filamu ya kawaida, mtu akitaja watoto wake mezani, mhariri angekata papo hapo na kutuonyesha uso wa Anna kwa karibu ili tujue kwamba ameumia. Helle le Fevre, aliyehariri filamu hii, hafanyi hivyo. Anaiacha picha iendelee, na ni juu yetu kumtafuta Anna katikati ya mabega na chupa, ambako pengine tunamkuta akitabasamu sekunde moja baada ya wenzake kumaliza kucheka. Sekunde hiyo moja ina uzito kuliko hotuba yoyote, na ingepotea kabisa kama tungeonyeshwa kwa kidole. Muziki wa kutuongoza nao haupo. Sauti tunazosikia ni za pale pale.

Sehemu ninayoirudia sana darasani ni ile ya ugomvi wa George na Oakley. Vijana walikuwa wameharibu gari katika ajali na kuuficha ukweli, na Anna, akiwa amekwisha kukataliwa na Oakley, anamweleza Verena kilichotokea. George anamkaripia mwanawe ndani ya nyumba, kwa ghadhabu ya kutisha, lakini kamera haiingii ndani hata kidogo. Inabaki nje na wale wengine, ambao wamekaa bila kujua watazame wapi huku kila neno likiwafikia. Kwa mhariri, huu ni uamuzi mgumu, kwa sababu mgongano wenyewe ndio ambao kila mtayarishaji angetaka uonekane. Hogg ameelewa kwamba hadithi yake haiko kwa baba na mwana, bali kwa mwanamke aliyesababisha kelele hizo na ambaye hawezi kuinuka wala kusema neno. Katika dakika hizo Anna anapoteza pande zote mbili: vijana wanamwona msaliti, na kwa watu wazima hajawahi kurudi.

Kukataliwa kwenyewe kunapita haraka, kwa adabu na kwa sauti ya chini, na ni sawa kupite hivyo. Oakley si mkatili. Ni kijana ambaye alifurahia kutazamwa, akaona mchezo umefika mahali ambapo hakutaka kwenda.

Baadaye Anna anahamia hotelini, na Verena anamfuata. Hapo ndipo, huku akilia, anamweleza kwamba alidhani ana mimba, na kumbe ilikuwa ni hedhi yake inakoma. Nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba maungamo haya yanafafanua mno katika filamu iliyokuwa imejizuia kwa muda wote huo. Siwaungi mkono. Hogg ameyaweka karibu na mwisho, wakati ambapo tumeshamhukumu Anna kwa mwenendo wake na vijana, hivyo yanatulazimisha kuisoma upya kila picha iliyotangulia. Fikiria zile simu anazompigia Alex, akitoka nje na kujitenga na wengine, nasi tukisikia upande wake tu wa mazungumzo. Mara ya kwanza nilizisikia kama simu za mwanamke aliyechoka na mwenzi wake na anayetafuta njia ya kumwacha. Ukizitazama tena baada ya kujua, unasikia mtu anayeomboleza mtoto ambaye hakuwahi kuwapo, akizungumza na mtu pekee anayelijua jambo hilo, na bado akishindwa kulitamka.