Uchoraji wa tawasifu: maana yake na unavyofanyika

Tawasifu ni maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwenyewe. Wengi wanaijua kwenye vitabu. Katika uchoraji, malighafi yake ni kumbukumbu za mchoraji: nyumba aliyokulia, watu waliomlea, vyombo alivyotumwa kuvileta. Si lazima uso wake uonekane. Mtu anaweza kujichora kwa kioo mara kumi, akapata picha ya nafsi na basi. Mwingine akachora mbuzi ya nazi iliyoegemea ukuta wa jiko, ikawa tawasifu, kwa sababu anajua nani alikuwa akiikalia na kibao kimelika upande gani.

Ufukweni Bagamoyo majahazi na machweo yananunuliwa sana na wageni, na hakuna ubaya kuyachora. Ila jahazi lile ni la kila mtu. Ukitaka liwe lako, lazima liwe na kitu ambacho aliyepita siku moja asingekijua.

Picha zenyewe hutofautiana mno. Mchoraji Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1982 alijichora akiwa Sweden kwa nyuso kadhaa zilizopandana. Mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko mwaka 1936 aliuweka ukoo wake kwenye kibati cha zinki ambacho upande wake mrefu haufiki hata sentimita 35. Yeye ni mtoto aliyesimama uani kwao, ameshika utepe mwekundu unaopanda kwa wazazi, kisha kwa bibi na babu wa pande zote mbili. Wazaa baba, waliotoka ng'ambo, wako juu ya bahari. Wazaa mama wako juu ya nchi kavu. Wazazi wamevaa kama walivyo katika picha yao ya harusi. Ukoo mzima umeenea mahali padogo hivyo kwa sababu kila mtu amepewa nafasi yenye maana. Anayeanza na kanvasi ya mita mbili na kujaza ndugu ishirini kwa kawaida huishia na picha ya pamoja ya harusini, kila mtu anatazama kamera.

Kazi huanza kwa penseli, kabla albamu haijafunguliwa. Ukishaitazama picha ya kamera, baada ya hapo utaikumbuka hiyo picha, si siku yenyewe. Kwa hiyo chora kwanza ramani ya nyumba: ukumbi, vyumba, ua, jiko, mlango uliokuwa haufungi vizuri. Weka alama kila mtu alikokuwa akikaa jioni. Ndipo uwaulize wakubwa, kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja shangazi akishasema, wengine wote wataitikia. Wakitofautiana, mmoja anasema mlango ulikuwa wa kijani, mwingine wa buluu, usikimbilie kuamua. Mlango wenye rangi mbili unaweza kuwa ndio picha yenyewe.

Kosa linaloharibu picha nyingi za utotoni ni urefu wa macho. Mtoto wa miaka mitano ana kimo cha kama sentimita 110, macho yake yako kwenye mita moja hivi. Mchoraji mtu mzima huweka mstari wa macho, yaani ule mstari wa picha ulio sawa na kimo cha macho ya anayetazama, mahali anapoona yeye leo, kwenye mita moja na nusu, halafu anashangaa kwa nini ua unaonekana kama umechorwa na mgeni. Ushushe. Kwenye sakafu iliyo sawa, mstari wa mita moja utawakata watu wazima wote waliosimama karibu na kiuno, walio karibu na walio mbali vilevile. Meza ya sentimita 75 utaiona juu yake kidogo tu, kama ukanda mwembamba. Komeo la juu la mlango litakuwa huko juu. Bibi aliyekaa kwenye kigoda ndiye pekee ambaye uso wake uko karibu sawa na wako, na hilo halihitaji maelezo.

Rangi nayo ina mtego wake. Kumbukumbu hukoleza: nyekundu huwa nyekundu zaidi, majani yanazidi ukijani. Changanya kwanza rangi ya mkeka kama unavyoikumbuka, upake kwenye kipande cha karatasi, kisha uilinganishe na mkeka wa ukindu halisi. Ukijua tofauti, utachagua kwa kukusudia.

Wengi hupenda kuingiza picha za familia zenyewe. Usibandike nakala pekee iliyopo. Itapauka na hutaipata tena. Peleka steshenari, utolewe fotokopi ya mashine ya leza, na uombe igeuzwe kushoto kulia, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Paka jeli ya akriliki (ute mzito wa kuchanganyia rangi za akriliki, hukauka ukawa angavu) kwenye kanvasi iliyokwisha kupakwa rangi ya msingi, laza fotokopi kifudifudi, sukuma hewa itoke kwa kadi ngumu, uache usiku kucha. Masika acha siku mbili. Kisha lowesha mgongo wa karatasi kwa sifongo iliyokamuliwa na usugue kwa kidole taratibu mpaka karatasi itoke, wino ubaki. Ukungu mweupe ukirudi baada ya kukauka, rudia. Ukisugua mapema, sura nzima itachunika. Fotokopi ya wino wa maji haifai kabisa, hutawanyika.

Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na mara nyingi jina ndilo lenye habari: nani alimpa nani, na kwa sababu gani. Ukitaka kubandika kipande, kifue mpaka maji yatoke meupe, maana rangi inayochuja itapanda juu ya kila utakachopaka. Kama kanga ni ya marehemu, usiikate kabla hujauliza. Ichore tu, ukichora ile sehemu iliyopauka magotini, utakuwa umemchora mwenyewe.

Kuuliza kunahusu zaidi ya kanga. Nyumba nyingi za pwani haziridhii mama aonekane bila mtandio, na wengine hawataki sura ya marehemu itundikwe. Mikono, mgongo, au kiti kitupu husema vya kutosha, pengine zaidi ya uso.

Picha ikiisha, andika nyuma yake mwaka, nyumba ipi, na nani alikusimulia. Kwenye kuta za matumbawe na chokaa za Bagamoyo, bandika vipande vya kizibo vya sentimita moja kwenye pembe za fremu ili hewa ipite nyuma. Unyevu wa chumvi huanza kula kanvasi kutokea huko.