Kano ya Shingo Inapogeuka Mfupa: Je, ni Ugonjwa wa Wajapani Tu?

Ni ugonjwa gani huu?
Ndani ya mfereji unaopitisha ugwe mgongo (kamba ya neva inayoshuka kutoka ubongoni) kuna kano ndefu iliyogandamana na pingili za shingo. Kwa baadhi ya watu kano hiyo hugeuka mfupa polepole, kwa miaka, na kuubana ugwe. Kwa kawaida mfereji una upana wa milimita 17 hivi, kutoka mbele hadi nyuma. Nafasi ikibaki chini ya 6, dalili ni lazima.

Mbona wanasema ni wa Wajapani?
Japani umechunguzwa sana tangu 1960, na hukutwa kwa watu 2 hadi 4 katika kila 100. Damu ya ukoo inahusika. Kisukari na unene navyo huandamana nao. Lakini picha za siti skani za watu 3,161 huko San Francisco ziliukuta kwa asilimia 4.8 ya wenye asili ya Asia, 2.1 ya Wamarekani Weusi, 1.3 ya Wazungu. Hizo si hesabu za Tanga, ila zinatosha kumkataza mtu kusema "huo hautuhusu".

Nitaushtukiaje?
Usingoje maumivu, mara nyingi huwa madogo. Tazama mikono. Mzee aliyekuwa akifunga vifungo vya kanzu bila kutazama sasa anavipapasa. Mshona kofia hapati tundu la sindano. Kandambili inavuka mguuni na mwenyewe hana habari. Jaribu hivi: fumba na fumbua ngumi haraka kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufikisha 20. Ukishindwa, nenda ukapimwe.

Kinyozi akinizungusha shingo mpaka ilie, si napata nafuu?
Tafadhali, mkatalie. Ugwe uliobanwa hauna pa kukwepea, na hata kuanguka kidogo kwenye bodaboda kunaweza kupoozesha mikono na miguu papo hapo.

Niende wapi?
Hapa Tanga anzia hospitali ya Bombo. Eksirei ya shingo inayopigwa kwa upande huweza kuuonyesha, lakini mara nyingi huukosa. Siti skani huuona mfupa, MRI (picha ya sumaku) huuona ugwe. Dalili zikiwa zinazidi, mgonjwa hupewa rufaa, kwa mfano MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Upasuaji mmojawapo hufungua pingili kwa nyuma kama mlango, ugwe upate nafasi. Ugwe uliokwisha kuumia muda mrefu haurudi wote, kwa hiyo mkojo ukianza kugoma au miguu kulegea, nenda siku hiyohiyo.