Kutembea peke yako Msitu wa Kakamega: unaona zaidi ukisimama

Watu wengi huingia Kakamega kwa mwendo wa safari ya barabarani. Wanatembea kilomita kumi, wanatoka jasho, kisha wanalalamika kwamba hawakuona ila migongo ya nyani. Msitu huu haukaguliwi kwa miguu mbio. Kilomita moja kwa saa inatosha, na nusu ya saa hiyo uwe umesimama. Hapo ndipo mtembezi wa peke yake anapomshinda aliye kwenye kundi: hana wa kuongea naye, na hakuna anayemharakisha.

Kakamega ni mabaki ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua ya Kongo, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 1,700 hivi. Tembo na nyati walishatoweka zamani, kwa hiyo kutembea peke yako hapa kunawezekana kwa namna isiyowezekana Aberdare au Mlima Kenya. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya huduma ya wanyamapori, KWS. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya huduma ya misitu, KFS. Kwenda Buyangu unashuka Kambi ya Mwanza kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, halafu unapanda boda au unatembea hadi lango. Isecheno unapitia Khayega na Shinyalu. Buyangu malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa hiyo lipa kabla hujaondoka mjini, usitegemee mtandao wa langoni. Masharti ya kutembea bila mwongozaji hubadilika, na hayafanani pande zote mbili. Uliza langoni, na ukiambiwa uchukue mwongozaji, mchukue.

Saa ndiyo kila kitu. Kakamega asubuhi huwa kweupe, mawingu hukusanyika mchana, na mvua hunyesha kuanzia saa nane au tisa, mara nyingi ikiwa na radi. Ingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi au mara tu lango linapofunguliwa. Saa saba uwe umegeuka. Ukisikia ngurumo ukiwa juu ya kilima cha Buyangu au Lirhanda, shuka hapo hapo, picha zitasubiri. Jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, lakini chini ya miti giza hukutangulia kwa nusu saa nzima. Miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari. Aprili na Mei udongo mfinyanzi wa vijia huteleza vibaya.

Vifaa ni vichache. Buti za mpira zinazofika chini ya goti huwashinda viatu vya gharama, kwa sababu ya matope na siafu. Beba maji lita mbili kwenye chupa yako ya kudumu: plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, na maji ya mto Isiukhu si ya kunywa. Ongeza filimbi, tochi hata kama unapanga kutoka mchana, koti la mvua lisilochakarisha, na ramani uliyoipakua kwenye simu. Darubini chukua 8x42. Namba ya pili ukiigawa kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni, na hapa ni zaidi ya milimita tano. Zile ndogo za 10x25 zinakupa mbili na nusu tu. Nje kwenye jua zinafaa, ila chini ya mti wa mita thelathini zinakuonyesha kivuli.

Sasa wanyama. Ukilala Buyangu, tega sikio alfajiri kabla hakujapambazuka. Mbega dume hunguruma, kundi moja hujibu jingine, na mngurumo huo unasafiri mbali. Kumbuka tu upande ulikotokea. Eneo la kundi la mbega ni dogo, na kwa kuwa chakula chao kikubwa ni majani, wanapumzika saa nyingi wakisaga walichokula. Saa mbili au tatu asubuhi bado watakuwa karibu na pale pale, juu kabisa, wakiota jua. Usitafute uso, tafuta mkia. Mbega akikaa, mkia wake mweupe mwishoni huning'inia wima kama kamba ya kengele, na huwezi kuukosa. Kitoto cheupe pepe kifuani mwa mama ni kitoto kichanga. Rangi nyeusi huja baadaye.

Kima wa kijivu ni rahisi kumpata lakini ni mgumu kumfuata, kwani hatulii. Mara nyingi utamkuta amechanganyika na kima mwenye mkia mwekundu, yule mdogo mwenye doa jeupe puani. Mlio wa kima dume una maana. "Pyau" moja moja inayorudiwa inaweza kuwa ni kwa ajili ya kitu kilicho chini, na kitu chenyewe huenda ni wewe. Mlio mkavu wa "ka, ka" ukilipuka ghafla na kundi lote likashuka kwenye majani mazito, inua darubini juu ya vilele: tai mwenye ushungi hula kima. Wengi hukosa kumwona kwa sababu wanaendelea kuwatazama kima.

Njia bora kuliko zote ni mti wenye matunda. Mkuyu uliozaa, au mti mwingine uitwao mutere, utawaleta kima, hondohondo weusi kwa weupe, na shorobo mkubwa wa buluu, ndege wa urefu wa sentimita sabini na kitu anayekimbia juu ya tawi kama si ndege. Utautambua kwa matunda yaliyotapakaa chini na makombo yanayodondoka. Rudi hatua ishirini, weka mgongo kwenye shina jingine, ukae dakika arobaini. Dakika kumi za kwanza huoni kitu. Ndipo wengi huondoka.

Na siafu. Kila mtu anawaogopa, na ni sawa, lakini mpenzi wa ndege anawatafuta. Siafu wakiwa safarini kwa mstari hawana kazi nawe, ruka upite. Wakiwa windoni hutandaza jeshi lenye upana wa mita kadhaa, na panzi, mende na buibui hutimka mbele yao. Ndege wa chini kama alethe kifua-kahawia hufuata jeshi hilo kuwanyakua wadudu wanaokimbia, si siafu wenyewe. Simama mita tano pembeni mwa jeshi, kamwe si mbele yake, na utazame ardhi yako kila baada ya nusu dakika. Ndege hao ni wa haya msitu mzima, lakini hapo watakukaribia. Siafu akishapanda, usimpapase juu ya nguo. Toka mita kumi, kunja suruali, umng'oe mmoja mmoja. Kichwa kikibaki, vuta taya zake.

Nyoka ni kwa ajili ya umakini, si hofu. Kifutu wa Gaboni hulala kwenye majani makavu na rangi yake imefanana nayo kabisa, hakimbii, anasubiri. Kwa hiyo gogo lililolala njiani usiliruke. Panda juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Ukiumwa: usikate, usinyonye, usifunge kamba kwa kukaza. Vua saa na pete, tuliza kiungo kisisogee, piga simu langoni. Ukiwa peke yako, namba ya askari wa zamu iwe imeandikwa pia kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Kupotea huanza kwenye njia panda. Kila panda, geuka upige picha ya ulikotoka, kwa sababu wakati wa kurudi kijia kina sura nyingine. Ramani ya simu huyumba chini ya miti minene, basi usikimbizane na kidoa cha buluu. Kaa palepale dakika mbili kitulie. Usipotambua ulipo, rudi panda ya mwisho unayoijua. Usiufuate mto ukidhani utakutoa.

Ukisikia msumeno au mashoka, usiende kuchungulia. Rudi ulikotoka, uwaarifu askari. Shimo la zamani la dhahabu pale Lirhanda, lenye popo, nalo usiingie peke yako hata kama una tochi mbili.

Kuna wawili ambao upweke hausaidii: poto, mnyama mdogo wa mitini ambaye ni wa usiku, na kima wa De Brazza wa Kisere, kipande cha msitu kilichojitenga kaskazini. Kwa hao lipa mwongozaji. Na siku yoyote uliyoandika jina langoni, pitia tena ukitoka ulikate, la sivyo askari watatoka na tochi kukutafuta huku wewe uko Kambi ya Mwanza unakunywa chai.