Usukani wa gari lililoinuliwa ukitetemeka, usikimbilie shokapu

Wengi wanaoniletea gari lililoinuliwa, yaani lililoongezwa kimo kwa springi ndefu na matairi makubwa, lenye usukani unaotetemeka huwa wameshanunua shokapu mpya ya usukani. Wengine wamefunga mbili. Tatizo likatulia kwa muda, kisha likarudi kali kuliko mwanzo. Inaniuma kuona hela inaishia hapo, kwa sababu shokapu ile kazi yake ni kupoza mishtuko inayopanda kutoka kwenye matairi. Haiwezi kuondoa mwanya kwenye bushi (kikombe cha mpira ndani ya kiungo) iliyokufa wala kukaza bolti inayocheza. Ikiwa mpya hunyamazisha dalili, na huku nyuma kifaa kilicholegea kinaendelea kuliwa.

Kabla ya kushika spana, mwulize dereva mtetemo unakuja vipi. Ukija taratibu kwenye mwendo fulani, tuseme kilomita 80 kwa saa, ukakolea na kisha kupotea gari likizidi kukimbia, mara nyingi ni balansi ya matairi au rimu iliyopinda. Gari likitangatanga barabarani bila kutetemeka, ukawa unalirekebisha kila saa, hilo ni suala la kasta (mlalo wa mhimili wa kugeukia gurudumu, nitaueleza mbele) au alaimenti. Likiruka upande kila linapopita kwenye tuta, angalia pembe za rodi za usukani. Ninaloandikia leo ni lile la hatari zaidi: uko kwenye kilomita 70 hadi 90 kwa saa, tairi moja la mbele linagonga shimo au kiungo cha daraja, na ghafla ekseli yote ya mbele inaanza kupigwa kushoto na kulia kwa nguvu kiasi kwamba usukani unataka kukutoka mikononi. Halikomi lenyewe. Linakoma tu mwendo ukipungua sana.

Likikukuta njiani, shika usukani kwa uthabiti bila kushindana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo taratibu na utoke pembeni. Usikanyage breki kwa ghafla, maana unaongeza uzito kwenye ekseli ambayo tayari haijitawali.

Ugonjwa huu ni wa magari yenye ekseli nzima ya mbele: Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, Defender za zamani, Patrol za Y60 na Y61, Jimny, Wrangler. Magurudumu yote mawili yameunganishwa na chuma kimoja, kwa hiyo tairi moja likipigwa, la pili linapokea pigo lilelile kupitia tairodi, rodi inayoyaunganisha ili yageuke pamoja, na kulirudisha. Viungo vyote vikiwa vimekaza, pigo linafia hapo. Kukiwa na mwanya mahali, hata wa milimita moja, ekseli inapata nafasi ya kwenda na kurudi, na kila mzunguko wa tairi unausukuma mtetemo mbele.

Kuinua gari peke yake hakuleti ugonjwa huu. Kunafichua na kuharakisha ulegevu uliokuwapo, na mara nyingi kunaongeza mwingine uliotokana na ufungaji mbovu. Tairi kubwa ni zito, linapiga kwa nguvu zaidi, na bushi iliyokuwa inavumilia tairi la kiwandani haivumilii tena.

Mimi huanza na rodi ya panhadi. Hii ndiyo inayoizuia ekseli isiende kando: upande mmoja imefungwa kwenye chesisi, wa pili kwenye ekseli. Ninapopata mtetemo wa aina hii, mara nyingi chanzo kiko kwenye ncha mojawapo ya rodi hiyo. Kipimo chake hakihitaji mashine. Acha gari lisimame kwa matairi yake, si kwenye jeki. Fungua ncha moja ya shokapu ya usukani isije ikakudanganya. Weka breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma kwa vigingi, washa injini, kisha mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, kama robo ya mzunguko, bila kupumzika. Wewe laza mwili pembeni, nje ya njia ya matairi, na uangalie kiungo kimoja kimoja. Weka kidole nusu juu ya bolti na nusu juu ya bano lake, yaani chuma cha kwenye chesisi au ekseli kinachoishika. Jicho linaweza kukosa mwendo mdogo, kidole hakikosi.

Tazama kwa karibu mahali bolti inapopita kwenye bano. Ukiona vumbi jekundu la kutu limetoka kwenye mshono, au duara la chuma linalong'aa kuzunguka washa huku rangi ya pembeni imepasuka, bolti hiyo imekuwa ikitembea. Itoe. Tundu lililopaswa kuwa mviringo kamili mara nyingi utalikuta limevutika na kuwa kama yai. Hapo kukaza nati hakusaidii. Ndani ya bushi kuna bomba la chuma linalotakiwa kubanwa na bano pande zote mbili, na mbano huo ndio unaobeba mzigo, si ubavu wa bolti. Mbano ukilegea, bolti inageuka kuwa nyundo.

Hapa ndipo ufungaji mbovu unapojionyesha. Fundi akikaza bolti za bushi za mpira gari likiwa juu na magurudumu yananing'inia, gari likishuka mpira unajipinda na unabaki umepindwa siku zote. Unapasuka mapema. Bolti hizi hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa spana ya kupima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kwa hili sibembelezi mtu.

Ukimaliza panhadi, fuata njia ya nguvu: mkono wa stelingi boksi, draglinki (rodi inayotoka kwenye mkono huo kwenda kwenye gurudumu), ncha za tairodi, kisha boksi yenyewe na bolti zinazoishika kwenye chesisi. Chesisi za magari yaliyoteseka sana porini hupata nyufa hapo hapo. Safisha tope kwanza, ufa haujitangazi.

Halafu inua ekseli, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tatizo ni kingipini au boljointi, viungo ambavyo gurudumu hugeukia, kutegemea gari. Kwenye Jimny na Land Cruiser zile, beringi za kingipini zinataka kubanwa kwa kiasi maalumu, kinachorekebishwa kwa vibati vyembamba na kupimwa kwa mizani ya springi kwa kuvuta mkono wa nakoli (kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo) ukiwa huru. Zinaweza zisionyeshe mchezo wowote mkononi na bado zikawa zimelegea kiasi cha kuruhusu mtetemo. Fundi anayezipuuza atabadilisha kila kitu kingine na gari litarudi.

Matairi nayo? Mara nyingi ni kichochezi tu, si chanzo, lakini usiyafumbie macho. Hamisha ya mbele nyuma uone kama tabia inabadilika, na pima upepo. Chungulia pia ndani ya rimu: tope lililokauka upande wa ndani limewahi kuwapeleka watu wengi kununua vifaa wasivyohitaji.

Kasta inazungumzwa kuliko kitu kingine chochote, na nadhani inalaumiwa kupita kiasi. Ni ule mlalo wa mhimili wa kugeukia, kama uma wa baiskeli ulivyolala, unaolifanya gurudumu litafute kunyooka lenyewe. Kwenye gari la radiasi amu, yaani mikono mirefu inayoishika ekseli kwenye chesisi, kila inchi unayoinua hula digrii moja hadi moja na nusu hivi. Land Cruiser 80 ina takriban digrii 3 kutoka kiwandani, kwa hiyo ukiinua inchi 2 bila kurekebisha unabaki karibu na sifuri, na gari litatangatanga. Rekebisha kwa bushi zenye tundu lililosogezwa, vibati vya kushusha radiasi amu, au kabari za ekseli kama ni gari la springi za majani. Ila usiongeze kiholela ukidhani nyingi ndiyo bora. Kasta ikizidi, gurudumu linarudi katikati kwa nguvu mno, linapitiliza, na mtetemo unapata chakula. Isitoshe, ukiizungusha ekseli unaigeuza pia pua ya difu, mahali propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inapofungwa, na gari ambalo propela ya mbele huzunguka muda wote litaanza kutetema kwa sababu nyingine kabisa.

Mwisho pima uelekeo wa matairi ya mbele: chukua kwa futi umbali kati ya matairi hayo mawili upande wao wa mbele na wa nyuma, kwenye usawa wa kitovu cha gurudumu. Kwenye magari mengi mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita chache. Kwenye Wrangler TJ na Cherokee XJ, ambazo rodi zake zimeungana kwa umbo la Y, kuinua gari kwenyewe hubadilisha kipimo hiki, hivyo lazima kipangwe upya.

Baada ya yote hayo ndipo urudishe shokapu ya usukani, moja, nzima. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye bano lake, endesha kilomita mia chache, kisha lala tena chini ya gari. Mstari uliokatika kwenye panhadi usiujibu kwa kukaza zaidi: toa bolti, pima tundu, na kama limevutika, lichomelewe bati jipya lenye tundu la kipenyo sahihi, ufunge kwa bolti mpya.